Uzi wa Paja

Bishkek, 18 Januari 2009

Shangazi Uulkan,

Nimefika salama. Dereva alinishusha mlangoni pa bweni saa saba mchana, na nilikuwa bado nanuka moshi wa jiko lako. Jypar, mwenzangu wa chumbani, alinikumbatia, akaninusa shingoni, akasema, "Huyu katoka kwa shangazi yake. Ana maandazi mpaka kwenye nywele."

Asubuhi yake mambo yakaharibika. Mwalimu Sharshen alitupandisha mizani mmoja mmoja. Mimi: kilo hamsini na saba na nusu! Akanikazia macho. "Meerim, umekula wanakijiji wangapi?" Nikamweleza kwamba mtu wa kwetu haondoki bila kuonja mkate wa kila nyumba anayoiaga, na mimi niliaga nyumba kumi na tisa. Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. Yeye hakucheka. "Kuonja ni kipande kama ukucha. Wewe uliaga kwa mikono miwili."

Basi nimeanza tena kukausha mwili. Hakuna mkate, hakuna tambi, hakuna viazi, hakuna wali, wala sukari kwenye chai. Nyama ya kuchemsha kipande kama kiganja, kabichi, mayai mawili, basi. Hii ni mara ya tano tangu majira ya kuchipua ya mwaka jana. Kila yakikaribia mashindano nashuka hadi hamsini na moja, yakiisha narudi nilikotoka. Tarehe 29 Aprili wanachagua timu ya vijana ya mieleka ya kwenda mashindano ya Asia, msichana mmoja tu kwa kila uzani. Kilo hamsini na tano ni ya Jypar, na huu ni mwaka wake wa mwisho kuhesabiwa kijana. Kilo hamsini na moja ni yangu. Mwalimu kapanga hivyo, na sisi wawili tumekula yamini kwamba tutapanda ndege moja.

Usisikitikie ule mkate ulionifungia. Jypar anaula kwa niaba yangu, halafu ananisimulia.

Mwanao,
Meerim


At-Bashy, 27 Januari 2009

Meerim, mtoto wa kaka yangu,

Barua yako niliisoma kwa sauti zahanati, na wagonjwa watatu wakasahau walichokuwa wanaumwa. Mzee mmoja akataka kujua ni msichana gani huyo anayeshikana mieleka mbele za watu. Nikamwambia ni yule aliyemtoa kondoo wako dume mtaroni akiwa na miaka kumi na tano, peke yake, wewe ukiwa umesimama kando unatoa maelekezo. Akaomba dawa yake akaenda.

Kabla hujaniuliza kwa nini sipigi simu: hapa inashika juu ya kilima cha makaburi tu, na mimi sitasimama karibu na kaburi la baba yangu nikipiga kelele za kabichi. Tuandikiane.

Sasa nisikilize kama tabibu, si kama shangazi. Kilo za wiki ya kwanza usizifurahie. Mwili huweka akiba ndogo ya sukari kwenye misuli na kwenye ini, na akiba hiyo hukaa pamoja na maji mengi. Ukikata mkate na viazi akiba inaisha, maji yanatoka, mizani inashuka, na mwalimu wako anapiga makofi. Amepigia makofi mkojo! Baada ya hapo, kwa chakula kidogo kama hicho na mazoezi mara mbili kwa siku, mwili unaanza kutafuta pa kuchota, na hauchoti kwenye mafuta peke yake. Unachota na kwenye nyama ya mapaja na mikono. Mizani haijali. Kwake kilo ni kilo.

Kwa hiyo kilo zako sizitaki. Wazazi wako walipoenda Moscow kutafuta kazi na wewe ukaenda Bishkek, nilikushonea suruali, na uzi niliokupimia ninao mpaka leo kwenye kopo la vifungo. Chukua uzi wa sufu, uzungushe paja la kulia, shibiri moja juu ya goti, ukate unapokutana, uutie kwenye bahasha. Niandikie pia ile kamba ya ukumbini unaipanda mara ngapi kwa mikono bila miguu. Na hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini? Usinionee haya, nimezalisha nusu ya wilaya.

Nakuonea fahari mpaka naogopa.

Shangazi yako,
Uulkan


Bishkek, 11 Februari 2009

Shangazi tabibu,

Uzi huo mwekundu ni wangu. Jypar alinisaidia kuuzungusha, akauliza, "Shangazi yako anakushonea suruali au sanda?" Nikampiga na mto.

Kilo hamsini na nne. Kamba, mara mbili. Najua utasema mwaka juzi nilikuwa naipanda mara tano, lakini mwaka juzi ilikuwa mpya, sasa imelegea na inateleza.

Jambo moja linanishangaza. Mara ya kwanza nilipokausha nilishuka kilo sita kwa wiki tatu, na nilikuwa nakula vizuri kuliko sasa. Safari hii nakula kidogo zaidi, nakimbia zaidi, na wiki tatu zimenipa kilo tatu na nusu. Mwalimu ananishuku kwamba naiba chakula. Wallahi siibi! Hata ndotoni nikiletewa bakuli la tambi nalisukuma. Ila baridi ndiyo inanitesa. Nalala na kofia na soksi jozi mbili, na asubuhi nikihesabu mapigo ya moyo nayapata arobaini na mbili. Mwalimu anasema huo ndio moyo wa mwanamichezo.

Jypar ungempenda. Kwao Talas, baba yake analima maharagwe, na yeye mwenyewe haongei mpaka apate la kusema. Akikushika kwenye mkeka unadhani umebanwa na mlango. Juzi msichana mdogo wa kilo arobaini na nne alikuwa analia chooni kwa sababu amekosewa na waamuzi. Jypar alikaa naye sakafuni nusu saa bila kumwambia neno, na mtoto akatoka amenyamaza. Mimi ningemhutubia hadi alie upya.

Swali lako la mwisho nimelisahau.

Meerim


At-Bashy, 20 Februari 2009

Meerim,

Swali hukulisahau, na jibu nimelipata kwa huko kusahau kwako.

Nimeulaza uzi wako mwekundu mezani kando ya ule wa suruali. Umepungua kwa upana wa vidole viwili na nusu. Nimeupima mara tatu, nikaenda kukamua ng'ombe, nikarudi nikaupima tena.

Siku niliyokushonea suruali ulikuwa na kilo hamsini na saba. Mwaka mpya ulipokuja kwangu ulikuwa na kilo hamsini na saba vilevile, nami mjinga nikafurahi nikasema mtoto amerudi. Hakuwa amerudi. Kila unapokausha unapoteza mafuta na misuli pamoja. Kila unapoachia, mafuta yanarudi mbio, lakini misuli hairudi mpaka uiite kwa chakula, kazi na kupumzika, na wewe huipi muda, unakausha tena. Mara tano, mwanangu! Na misuli ndiyo inayounguza chakula hata ukiwa umelala. Ikipungua, na mwili ukidhani kuna njaa nchini, moto unapunguzwa. Ndiyo maana unashuka polepole kuliko zamani, ndiyo maana unalala na kofia. Huo si moyo wa mwanamichezo. Ni jiko lililofunikwa ili kuni zifike majira ya kuchipua.

Sisemi mkate ni dawa. Wapo watu wanaoacha unga, wakala nyama na mboga za kushiba, na wakawa wazima kabisa. Ubaya wako ni kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, tena kwa sahani ya paka.

Iache kilo hamsini na moja. Usipoiacha nitamwandikia Sharshen mwenyewe, na unajua kalamu yangu haina adabu.

Uulkan


Bishkek, 5 Machi 2009

Shangazi mpenzi,

Umeshinda! Tazama uzi wa buluu. Nimeanza kula mayai manne na nyama mara mbili, namficha mwalimu, na paja limejaa tena. Kamba naipanda mara tano. Kilo hamsini na mbili, kwa hiyo nitafika tu, na nitafika nikiwa na nguvu. Hata baridi siisikii.

Ila nakuomba kwa heshima zote, usimwandikie Mwalimu Sharshen. Nikitoka hamsini na moja ataniweka wapi? Hamsini na tano. Nafasi ni moja, na ni ya Jypar. Mwakani hana tena nafasi kwa vijana. Baba yake ameshawaambia majirani wote kwamba binti anaenda kuiwakilisha nchi, na kauza ng'ombe ili amnunulie viatu vya mieleka. Mimi nikaingie hapo nimsukume? Bora nife na kabichi.

Usiwe na wasiwasi tena.

Meerim wako


At-Bashy, 14 Machi 2009

Meerim, simba jike wangu,

Uzi wa buluu umeuzidi hata ule wa suruali! Nimeutundika ukutani zahanati, juu ya bango la chanjo, na kila anayeingia kuchomwa sindano lazima ausikilize kwanza. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia Sharshen. Barua nimeiwashia jiko. Usiku nimelala bila kugeuka, mara ya kwanza tangu Januari.

Nisamehe kwa ukali wangu. Una akili kuliko nilivyodhani, na sikuwa nadhani ni kidogo.

Uulkan


Bishkek, 17 Machi 2009

Shikamoo, shangazi.

Hunijui. Mimi ni Jypar, nalala kitanda cha pili. Si mzoefu wa kuandika, kwa hiyo nisamehe.

Barua yako ilifika jana. Meerim aliisoma, akaikunja, akasema mambo ni mazuri. Kisha akaenda kuoga, akachelewa sana kutoka. Nikaisoma. Najua ni vibaya.

Uzi wa buluu ni wa paja langu. Aliniomba akasema ni utani baina yenu. Nilijua si utani, lakini nilimpa paja.

Hajaongeza mayai. Ameyapunguza. Kamba haipandi hata mara moja, anafika katikati anashuka. Jumamosi alianguka kwenye chumba cha mvuke, anakojitoa jasho, tukamtoa mimi na msichana mwingine, akatuapisha tusimwambie mwalimu. Nywele zake nazikuta kwenye mto, nazitupa kabla hajaamka. Mwaka juzi tulipokutana, katika mazoezi mara kumi alinishinda mara saba. Jana nilimwangusha mara nane na nilikuwa najizuia.

Shangazi, yeye ndiye mtu mwenye nguvu kuliko wote niliowahi kuwashika. Sijui kuandika vizuri jambo hili. Ni kama naangalia mtu anavunja nyumba yake mwenyewe, tofali baada ya tofali, huku anaimba.

Fanya unaloweza. Usimwambie kwamba ni mimi niliyeandika. Atasema nimemsaliti, na itakuwa kweli.

Jypar


At-Bashy, 23 Machi 2009

Mwalimu Sharshen,

Sisi hatujawahi kuonana, lakini mimi nilimjua mzee Kasym, baba yako, kama alivyojulikana na kila aliyekuwa na farasi katika mkoa huu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipomwona akimkausha farasi wake wa kijivu kwa ajili ya mbio za vuli. Alimpunguzia majani, akamtembeza na blanketi la sufu mpaka akatoa jasho, akamnyima hiki akampa kile, siku arobaini. Farasi akabaki nyama na mshipa tu. Wilaya nzima ilikuja kumtazama kana kwamba ni bwana harusi.

Nakuuliza, kwa mwaka mmoja alimkausha farasi yule mara ngapi?

Nakumbuka na jambo lingine, na bila shaka unalikumbuka kuliko mimi. Kila asubuhi mzee alimpapasa farasi shingoni, kisha pajani. Shingoni alitafuta mafuta. Pajani alitafuta nyama. Mwaka ule wa pili alimpapasa paja siku moja kabla ya mbio, akamfungua kamba. Akamwondoa mashindanoni mbele ya watu waliokwisha kuwasili kutoka mbali, wakamzomea mpaka nyumbani. Nami nilizomea. Alipita katikati yetu akimwongoza yule farasi, akamwachia malishoni, na mpaka theluji inaanguka hakuna aliyeruhusiwa kumtia tandiko.

Meerim wangu umemkausha mara tano kwa mwaka mmoja. Paja lake limeisha, hedhi imesimama, moyo unapiga arobaini na mbili, na wewe unapapasa mizani. Ulijifunza kwa baba yako kukausha. Kuacha hukujifunza.

Naandika kwako na si kwa wakubwa wako kwa sababu nakuheshimu. Wasichana hao unaowafundisha kuangusha watu, nusu yao wangekuwa wameshaozwa. Nimeona picha zao gazetini wamesimama wima. Kazi hiyo ni yako, na ni kubwa. Usiiharibu kwa kilo nne.

Usiniulize nimejuaje. Mpeleke kwenye kamba leo, umtazame.

Uulkan, tabibu wa zahanati


Bishkek, 2 Aprili 2009

Tabibu Uulkan,

Mara moja. Baba alimkausha mara moja kwa mwaka.

Barua yako niliisoma, nikaikasirikia siku mbili. Siku ya tatu nikampeleka Meerim kwenye kamba. Akapanda hadi katikati, akakwama. Nilisimama chini nimenyoosha mikono ili nimdake, na haijawahi kufika siku ambayo mtoto huyo alihitaji kudakwa. Alishuka mwenyewe. Hakulia. Akaniambia, "Mwalimu, nitajaribu tena baada ya dakika tano." Nilitoka nje.

Nimemwondoa kilo hamsini na moja. Daktari wa timu anamwona kila wiki, na chakula anakula mbele yangu. Kuanzia sasa hakuna msichana wangu atakayeshuka zaidi ya kilo mbili, wala zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Wenzangu wananicheka. Wacha wazomee.

Atagombea hamsini na tano. Jypar nilimwambia mwenyewe, maana ni haki yake kusikia kwangu. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kufunga viatu. Katika miaka thelathini ya kufundisha sijaona mtu akipokea habari namna ile.

Sharshen


Bishkek, 16 Aprili 2009

Shangazi,

Wewe na hiyo kalamu yako! Nilikuchukia wiki nzima, halafu mwalimu akaweka mkate mbele yangu, wa moto, na siagi, akasema, "Kula, nakuangalia." Nikala nikilia makamasi. Sasa nakula uji asubuhi, tambi mchana, nyama ya kushiba. Kilo hamsini na sita. Kamba jana mara tatu! Daktari anasema nguvu hii ya haraka ni ile akiba ya sukari na maji imerudi, misuli yenyewe itadai miezi. Nimemwambia shangazi yangu amekwisha kunihubiria hayo.

Swali lako la hedhi nalijibu: tangu Septemba. Bado haijarudi. Uzi wa buluu nao ulikuwa uongo, na sijui uliugunduaje kutoka huko milimani, lakini nisamehe. Umeutundika ukutani na mimi nilikuwa naoga nikitamani maji yanimeze.

Sasa nikwambie kinachoniuma. Jypar amehama chumba. Mwalimu alipotangaza tu, siku ya pili akabeba godoro lake hadi chumba cha mwisho wa ukumbi. Tukikutana kwenye chakula anatazama sahani. Nilimfuata nikamwuliza, "Nimekukosea nini?" Akasema, "Hakuna. Fanya mazoezi." Basi!

Mimi nilijikausha mara tano, shangazi. Si kwa ajili ya mwalimu peke yake. Ni ili nisimkanyage. Naye ameniona nimerudi kuwa mtu, na uso umemkunjamana. Nimelala nikifikiri, na sasa naelewa kwa nini siku ile alinipa paja lake haraka vile, bila hata kuuliza mara mbili. Alitaka nibaki kule chini, dhaifu, nafasi yake iwe salama. Nilimwita dada. Tarehe ishirini na tisa nitamshika, na sitajizuia hata chembe.

Meerim


At-Bashy, 22 Aprili 2009

Meerim,

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine. Niliahidi nafsi yangu kumtunzia siri aliyeiandika, kwa kuwa aliniomba, na leo navunja ahadi. Atanidai akhera.

Sikugundua kitu mimi. Uzi wako wa buluu niliuamini kama mtoto mdogo na kuutundika ukutani. Aliyeniambia ni Jypar.

Isome. Ukimaliza, tazama tarehe. Kumi na saba Machi. Siku hiyo kilo hamsini na tano ilikuwa yake peke yake, hakuna wa kuigombea. Si mjinga yule. Alijua nikiamka mimi utaondolewa kule chini, na alijua utaletwa wapi. Alikaa akaandika hata hivyo, kwa mwandiko ule wa mtu anayelima.

Nina miaka hamsini na nne. Nimeona wanawake wakijifungua kwenye theluji, nimeona wanaume wakivuka mto kwa ajili ya kondoo wa jirani. Sijui kama nimewahi kumstahi mtu kama ninavyomstahi msichana huyu ambaye sijawahi kumwona uso. Amehama chumba kwa sababu gani, sijui. Pengine hawezi kulala pembeni mwa mtu atakayepigana naye. Pengine anaona aibu kwa kukusema. Muulize kwa upole.

Na jambo moja nakukataza. Usimwachie. Hakukurudishia nguvu zako ili umrudishie kama sadaka. Mshike kwa zote ulizo nazo, lakini umshike ukimjua ni nani.

Nampa dereva asubuhi hii. Itakufikia mapema.

Uulkan


Bishkek, 2 Mei 2009

Shangazi,

Theluji iliifunga barabara ya mlima Dolon siku sita. Barua yako ilinifikia Alhamisi. Mashindano yalikuwa Jumatano.

Nimeshinda. Nitakwenda Asia. Raundi ya kwanza alinichukua yeye, ya pili nikamchukua mimi, na ya tatu nilimshika kiunoni kutoka nyuma, nikabana, nikamwinua, nikamlaza. Nilimshika kwa chuki, shangazi. Mwamuzi aliponyanyua mkono wangu, Jypar alinipa wake. Niligusa ncha za vidole nikamgeuzia mgongo, watu wote wakiona. Mwalimu Sharshen hakunipongeza mpaka jioni.

Barua nilizisoma kwenye ngazi za bweni. Niliitazama tarehe. Nikakimbia hadi chumba cha mwisho wa ukumbi nikiwa na soksi tu.

Alikuwa anafunga begi la kwenda Talas. Aliona karatasi mkononi mwangu, akaujua mwandiko wake. "Shangazi yako," akasema, "hawezi kutunza siri hata ya siku mbili."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mwenyewe, usoni.

"Ungeacha?"

Nikamwuliza kwa nini alihama.

"Unaongea usingizini. Usiku ule wa tangazo uliniomba msamaha mpaka asubuhi kwa kuniingilia kilo yangu. Ningekusikiliza wiki tatu, nani angepigana?"

Nikapiga magoti pale sakafuni, nikamwomba radhi kwa yale niliyoyafikiri, yote, nikamtajia moja moja. Akanisikiliza akiwa anakunja sweta. Nikamwuliza kama anajuta kuiandika barua ile. Akalitia sweta begini, akavuta zipu.

"Raundi ya tatu," akasema, "uliponishika kiunoni, nilijaribu kuifungua mikono yako. Haikufunguka. Nikajaribu tena kwa nguvu zangu zote. Haikufunguka. Nikasema moyoni, alhamdulillah, huyu karudi. Ndipo nikakumbuka kwamba nashindwa."

Akacheka. Mimi sikuweza. Nilichukua begi lake nikalibeba hadi kituo cha mabasi, naye akaniacha nilibebe.

Meerim